Sala ya Kinyonga

Mkonosindano wa kwanza uliingia kupitia kitovu cha mtoto, taratibu kabisa, na halikutoka hata tone la damu. Wa pili ukafuata ubavu wa kulia, wa tatu ubavu wa kushoto. Kila mmoja ulikuwa mwembamba kama njiti ya mshikaki, na nchani pake palikuwa na vidole viwili vya chuma vyenye uwezo wa kumenya ganda la punje ya dengu bila kuichubua. Katikati yao lilipita jicho-uzi, kamera laini iliyojipinda kulizunguka ini na kuleta picha kwenye kioo kikubwa ukutani.

Mashine hiyo ilikuwa na jina refu la kitaalamu, lakini nani ana muda wa kulitamka? Wafanyakazi wa chumba cha upasuaji waliiita Kinyonga. Kila ilipotaka kusogeza mkono ilisita, ikautikisa kidogo, ndipo ikautua, na mtu yeyote aliyewahi kumwona kinyonga akivuka njia alicheka mara ya kwanza alipoiona. Jina likaganda.

Dokta Subilaga Mwaisumo alikaa kwenye kiti cha usimamizi, mikono mapajani. Katika Mbeya ya miaka hiyo, treni za juu zilikimbia bila dereva kutoka Uyole hadi Iwambi, na vindege visivyo na rubani vilipima ugonjwa wa viazi mashambani. Daktari wa upasuaji naye hakushika kisu. Kazi yake ilikuwa kutazama na kusema endelea. Subilaga alikuwa amesema endelea kwa watoto wengi mno, na wote walikwenda nyumbani. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo, na Kinyonga pia, ingawa la pili hakulisema mbele ya watu.

Mtoto wa siku hiyo aliitwa Tusekile, binti wa miaka minne kutoka Chunya. Alikuwa amezaliwa na kasoro kwenye mrija wa nyongo, ule unaoshusha nyongo kutoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Mahali pamoja mrija ulikuwa umevimba ukawa kifuko, kama mpira wa baiskeli unapotoa nundu. Nyongo ililala humo, ikachacha, ikampandisha homa na kumgeuza macho kuwa ya njano. Choo chake kilitoka cheupe kama majivu. Mama yake, mpishi wa shule, alikuwa ameambiwa ni minyoo, akaambiwa malaria, akaambiwa atapona akikua. Kumbe angekua na kifuko hicho, ini lingeoza kidogo kidogo, na baadaye ingeweza kuja saratani.

Dawa ilikuwa moja tu: kukitoa kifuko chote, kisha kuuvuta utumbo mwembamba hadi chini ya ini na kuushona hapo, ili nyongo ipate njia mpya. Zamani tumbo la mtoto lilifunguliwa ubavu hadi ubavu. Sasa matundu matatu madogo yalitosha, na makovu yake ungeyatafuta kwa tochi.

Asubuhi ile mama alikuwa amemshika Subilaga kiwiko kwenye korido.

"Daktari, mimi wa kwanza nilimzika. Ni huyu tu amebaki."

"Nimekuelewa, mama."

"Wanasema ni mashine itakayomshika."

"Ni mashine. Lakini mimi nitakuwa palepale."

"Basi usimwache peke yake na hiyo mashine," mama alisema, akamwachia kiwiko.

Kazi ilikwenda vizuri. Kinyonga alifungua njia chini ya ini, akakifikia kifuko, akaanza kukibandua. Kilikuwa kimeshikana na nyama za jirani kwa makovu ya homa za nyuma, kigumu kama ugali uliolala. Alipofika sehemu ya juu, pale panapokatwa, akasimama.

"Tuinamishe vichwa," alisema Sista Anyisile, muuguzi wa dawa ya usingizi.

Hapa lazima nieleze, maana mgeni angeshangaa. Kinyonga hakuzaliwa anajua. Alifundishwa kwa kunakili kazi ya mtu mmoja, Dokta Ambakisye Mwambungu, ambaye kwa miaka mingi alipasua watoto akiwa amevaa miwani ya kunakili. Miwani hiyo ilifuata kila alichokitazama, mashine ikajifunza kutoka machoni pake na mikononi pake. Sasa, Dokta Mwambungu kila alipofika pale pa kukata, alisimama kidogo, kimya. Mashine ikanakili na kusimama kwake. Wahandisi wakauliza, hiki kituo ni cha nini? Watu wakawacheka. Mzee yule si ni mzee wa kanisa? Si anaomba? Katika mji ambao kikao cha harusi hakianzi bila sala, ambao hata mashine mpya ya kusaga inaombewa kabla ya kuwashwa, nani angehitaji maelezo zaidi? Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Ingekuwa kukosa adabu.

Basi ikawa desturi. Kinyonga akisimama, chumba kizima kinainamisha vichwa na kufumba macho. Wakristo walisema lao, Waislamu walisoma Fatiha kimoyomoyo. Vijana walitania kwamba hiyo ndiyo mashine pekee iliyookoka. Subilaga mwenyewe aliupenda ukimya ule. Alikuwa akiutumia kushukuru.

Lakini siku hiyo sala haikwisha.

"Leo ndefu," alinong'ona Gwamaka, mhandisi aliyekaa kwenye mitambo.

Subilaga alifumbua jicho moja, kama mtoto anayechungulia kama chakula bado kipo mezani. Kisha akafumbua yote mawili.

Kinyonga hakuwa ametulia hata kidogo. Mkono wa kushoto ulikuwa umeegemea ukuta wa kifuko, unabonyeza polepole, unaachia, unabonyeza tena pembeni kidogo. Na jicho-uzi lilikuwa limesogea karibu kabisa na pale panapobonyezwa. Subilaga alikodoa macho. Chini ya ncha ile nyama ilikuwa inadunda. Akasikiliza mlio wa mashine ya moyo, pi, pi, pi, akatazama tena. Mdundo ulikuwa uleule.

Mbele ya kifuko, ndani ya yale makovu, palikuwa na mshipa wa damu. Mshipa wa kulisha ini, ambao kwa watu wengi hupita nyuma, kwa Tusekile ulipita mbele, na picha za awali hazikuuonyesha. Mkasi ungepita pale, tumbo lingejaa damu kabla hawajamaliza kushangaa.

Na miaka yote hii, wakati mashine ikipapasa na kutazama, wao waliokuwa na macho walikuwa wameyafumba. Subilaga aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda hadi masikioni.

"Daktari, niivushe?" Gwamaka aliuliza. "Ninayo amri ya kuruka kituo. Mtoto amelala muda mrefu."

"Amri hiyo imetoka wapi?"

"Tuliitengeneza mwezi uliopita. Toleo jipya halitakuwa na kituo kabisa. Bodi imekubali, mashine haina roho ya kuombea."

"Gwamaka, ondoa kidole hapo."

Aliondoa. Sura ya Subilaga haikuwa ya kubishana nayo.

"Nipigie Mzee Mwambungu, kule Tukuyu alikostaafia," alisema. "Sasa hivi."

Simu ilipokelewa na mke wa mzee. Alisema mzee yupo barazani anapukuchua mahindi, wakasikia ndala zake zikimpelekea simu.

"Shikamoo, Mzee. Ni Subilaga."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea hivyo?"

"Mzee, niko kazini, mtoto yuko mezani. Naomba nikuulize. Pale ulipokuwa ukisimama kabla ya kukata, ulikuwa unaomba?"

Mzee akacheka kicheko kifupi cha mshangao.

"Nani kawaambia? Mimi naomba nyumbani kabla sijavaa viatu. Mezani nilikuwa natafuta mshipa."

Sista Anyisile alijishika mdomo juu ya barakoa.

"Upo, Mzee," Subilaga alisema. "Upo mbele. Kinyonga amesimama na hataki kuendelea."

Kicheko kikaisha. Sauti ya mzee ilipokuja tena ilikuwa sauti ile Subilaga aliyoikumbuka tangu mzee alipokuwa akimfundisha, kavu, isiyo na haraka.

"Hawezi kuendelea, hakufundishwa. Ukikuta mshipa mbele, mimi nilikuwa navua miwani. Ilikuwa inafifisha wekundu, na pale unauhitaji wekundu wote. Kwa hiyo ng'ambo ya hapo mashine haijui kitu. Inasubiri mtu."

"Mtu gani, Mzee?"

"Aliyepo. Aliyepo hapo si ni wewe?"

Subilaga alivitazama vishikio viwili vilivyokunjwa chini ya kiti chake. Alikuwa amevitumia chuoni, kwenye tumbo la mpira la kufanyia mazoezi. Tangu hapo vilikuwa mahali pa kuning'iniza kitambulisho. Alimfikiria mama wa Chunya kule korido, na yule wa kwanza aliyezikwa, na akaogopa vibaya sana. Lakini kufunga matundu na kumrudisha mtoto na kifuko chake kilichobanduliwa nusu kusingemsaidia. Alivikunjua vishikio.

"Gwamaka, nipe mikono."

"Yako tayari, Daktari."

"Nakutumia picha, Mzee."

"Picha acha tu," mzee alisema. "Niambie mwenyewe. Unaona nini?"

Ndivyo alivyokuwa akifundisha tangu zamani, Subilaga alijisemea, hakupi jibu mpaka ulitafute. Akaanza kueleza. Ukuta wa kifuko ni mweupe unaoelekea kijivu. Mdundo unatoka kulia chini, unapanda kushoto juu.

"Makovu yana rangi gani kando ya mdundo?"

"Meupe. Kuna ukingo wa waridi."

"Ukingo huo ndio mlango. Ingia hapo. Usikate, tanua. Vidole vya chuma vifumbe, uviingize, uvifumbue. Hivyohivyo."

Aliingiza, akafumbua. Makovu yakaachia kidogo. Akaingiza tena. Mikono yake ilitetemeka, na mashine ikauchuja mtetemo ule usifike ndani, jambo ambalo alilishukuru kimyakimya. Unywele kwa unywele mshipa ukaanza kuonekana, mwekundu, ukipigapiga kwa ukaidi kabisa.

Ghafla kioo kikajaa damu.

"Imetoka," alisema, na sauti haikuwa yake.

"Kwa kuchuruzika au kwa kuruka?"

"Kwa... inachuruzika."

"Basi si mshipa wenyewe, ni katawi kake. Usikimbilie. Bana pale inapotoka, usubiri. Unasubiri?"

"Nasubiri."

"Habari za Mbeya? Mvua imeanza?"

"Imeanza, Mzee," Subilaga alijibu, machozi yakimlenga, na alipomaliza kujibu damu ilikuwa imekata.

Kutoka hapo alijua anachofanya. Aliubandua mshipa wote kutoka kwenye kifuko, akauinua, mzee akimwambia autunze, utapita nyuma na utumbo utashonwa mbele yake. Alipoutenga kabisa, Kinyonga alitikisa mkono wake wa kulia. Alikuwa ameiona tena njia anayoijua. Subilaga akaviachia vishikio, na mashine ikakata pale panapokatwa, ikakitoa kifuko vipande vipande kupitia kitovuni, ikauvuta utumbo na kuushona kwa uzi usioonekana kwa macho. Mshono wa mwisho ulipokazwa, nyongo yenye rangi ya dhahabu ikashuka kupitia njia mpya.

Safari hii Sista Anyisile ndiye aliyeomba, kwa sauti, macho yakiwa wazi.

Tusekile aliamka akidai chai. Baada ya siku chache choo chake kilikuwa na rangi ya choo cha watu, na mama yake alimtangazia habari hiyo kila mtu wodini, akiwemo mfagizi na mchungaji aliyekuja kutembelea wagonjwa. Gwamaka alikwenda mwenyewe kwenye bodi kuwaeleza kituo kilikuwa cha nini. Toleo jipya likawekwa kando, na kwenye utaratibu wa zamani likaongezwa jambo moja: Kinyonga akisimama, taa ya kioo inaongezwa mwanga, na daktari anashika vishikio.

Siku ya kuruhusiwa, mama Tusekile alimkuta Subilaga ofisini. Alikuwa amevaa kitenge kipya na amembeba mtoto mgongoni, ingawa mtoto mwenyewe alishaanza kukimbia kwenye korido.

"Daktari, wewe nimeshakushukuru mpaka umenichoka," alisema. "Nimesikia kuna baba mmoja Tukuyu aliyekuongoza. Kwetu hatutumi shukrani kwa mdomo wa mtu mwingine. Nataka anione, na amwone mtoto."

Subilaga alifurahi kuombwa. Alikuwa amempigia mzee jioni ya siku ya upasuaji kumpa habari, lakini kwenda kumwona, kila mwaka alisema nitakwenda, na kila mwaka kazi ikamla. Aliwasha simu ya picha. Mke wa mzee akatokea, akasalimia, kisha akaigeuza simu kuelekea barazani.

Mzee Mwambungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, amekonda, mvi kichwa kizima. Alikuwa anatabasamu, uso wake ukielekea upande wa mlango, ambako hapakuwa na mtu.

"Baba, ndaga," mama Tusekile alisema, akilitumia neno la shukrani la kwao mzee, alilojifunza wodini. "Ndaga fijo, asante sana. Huyu ndiye mwanangu. Yalikuwa ya njano haya, baba, kama kiini cha yai. Mtazame macho."

Alimshusha mtoto, akamsogeza hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Mzee aliendelea kutabasamu kuelekea mlangoni.

"Huku, mume wangu," mke wake alisema taratibu, akamgeuza kidevu kwa vidole viwili.

Subilaga aliyakumbuka maswali yale ya kwenye simu. Niambie mwenyewe. Unaona nini? Rangi gani? Inachuruzika au inaruka?

"Mzee," alisema, "tangu lini?"

"Oh, kitambo. Mimi siku hizi naangaliwa tu, siangalii." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja mvua ya juzi. "Ni ile miwani. Ilisoma mboni kwa mwanga wake, na mwanga ule ukayala macho taratibu."

"Walijua?"

"Walijua, wakaniambia mapema, hawakunificha. Nikawauliza, nikivua leo mashine itakuwa imejua kiasi gani? Wakasema nusu. Sasa mwanangu, fundi wa nusu umkabidhi mtoto wa mtu?"

Subilaga aliwakumbuka watoto wote aliowasemea endelea, kundi zima la watoto wanaokimbia sasa huko Kyela, Chunya na Mbarali. Kwake, hadi siku hiyo, walikuwa kazi ya Kinyonga. Alilia mbele ya mgonjwa wake bila kujificha.

Mama Tusekile hakulia. Alivuta kiti akakaa, akampakata mtoto.

"Basi baba, nitakusimulia mimi," alisema. "Ni meupe. Njano imekwisha yote, mpaka huku pembeni karibu na pua."

"Na chini? Mvute kidogo kope la chini."

Alimvuta. Tusekile akalalamika.

"Na chini meupe. Ndani pekundu, pazuri."

"Jicho la kushoto?"

"Nalo hivyohivyo. Sasa hivi ananikazia kwa sababu nimemnyima andazi."

Mzee alicheka. Halafu mkono wake ukatafuta mkono wa mkewe na kuupata.

"Ndaga, mama," alisema. "Wengine wote niliambiwa tu kwamba wamepona. Hakuna aliyewahi kunisimulia."

Mama Tusekile alikuwa amekuja kushukuru, na sasa ndiye aliyeshukuriwa.

"Endelea," mzee alisema.

Akaendelea. Alimsimulia nywele alizosukwa asubuhi, mwanya wa meno ya mbele, gauni lenye vifungo vya maua, makovu matatu madogo tumboni, magoti yaliyochubuka kwa kukimbia koridoni, hadi vidole vya miguu, na mzee hakumkatiza.